Mama Mkwe Aliponiuliza Nani Kanituma Nikatae

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilimbeba mtoto wangu Nyangeta mgongoni nikapanda basi mpaka Bunda, na kutoka hapo bodaboda mpaka Nyamuswa kwa mama mkwe wangu.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa fizikia Musoma, nimepanga chumba Nyakato. Baba yake Nyangeta alishafariki, na mtoto mwenyewe alikuwa bado hajatembea vizuri. Wiki hiyo nilikuwa nimepata barua pepe kutoka chuo kikuu cha nje. Nimechaguliwa kusoma shahada ya uzamivu, ada, chakula na malazi vyote juu yao. Utafiti wenyewe ni wa semikondakta, yaani vile vitu vinavyotengenezewa chipu za simu na kompyuta. Tangu sekondari nilikuwaga natamani kujua umeme unapitaje kwenye kitu chembamba kuliko unywele.

Asubuhi nilifurahi mpaka nikaruka. Jioni nilikuwa nimeshaandika jibu la kukataa, bado kulituma tu. Nani angenilelea mtoto? Na ningemwambiaje mama aliyetoka kumzika mwanawe kwamba na mimi naondoka?

Nilimkuta anaanika mihogo. Nikamsaidia kidogo, kisha nikamweleza yote, nikamalizia kwamba nakataa kwa ajili yake na mjukuu wake. Kusema kweli nilitegemea aniambie asante.

Aliacha mihogo. "Mama Nyangeta, nani kakutuma ukatae?"

"Hakuna, mama. Nimeona tu utabaki peke yako."

"Umeona. Mimi umeniuliza?"

Nikaokota kipande cha muhogo, nikakianika.

"Wiki nzima unabishana na mimi huko kichwani mwako, na mimi mwenyewe niko hapa hapa. Baba yake nilimlea kwenye nyumba hii. Huyu ndiye atanishinda? Lete mtoto. Nenda ukasome hivyo vitu vyako vya umeme."

Sauti ilikuwa kali, lakini mikono yake ilikuwa imeshamtoa Nyangeta mgongoni kwangu.

Sitakudanganya, mwanangu, kwamba mambo yalikwenda laini. Kwenye maabara ya chuo kile tulijifunika nguo nyeupe, macho tu ndiyo yanaonekana, maana punje moja ya vumbi inaharibu kazi ya muda mrefu. Kazi yangu iliharibika mara nyingi, nikawa najifungia chooni nalia. Na niliporudi likizo ya kwanza, Nyangeta alijificha nyuma ya bibi yake akauliza, "Bibi, huyu mgeni ataondoka lini?"

Nilitaka kumkimbilia. Mama akanishika mkono. "Mwache. Kaa hapa umenye viazi. Atakuja mwenyewe."

Nikamenya viazi. Zilipita siku, ndipo akaja akaegemea goti langu. Mpaka leo, na ni mtu mzima, akisema "mama" tu anamaanisha bibi yake. Linanichoma kidogo, lakini nimelikubali. Mgongo wa bibi ndio uliombeba.

Nilipomaliza, nilimletea mama kisahani cha silikoni, kile kinachokatwakatwa kupata chipu. Kinang'aa sana. Akajitazama, akarekebisha kitambaa chake cha kichwani, akaniuliza, "Miaka yote hiyo, mwanangu, kumbe ni kioo?" Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Sasa leo umeniletea simu yako, unanionyesha nafasi ya namna hiyo hiyo, chuo kitakulipia kila kitu, na papo hapo unaniambia mama yako kule Butiama hawezi kukubali, na miguu yake ile inayomsumbua. Umemuuliza? Mwanangu, usimjibie mtu ambaye bado yupo na ana mdomo wake. Nenda ukakae naye. Mweleze ni kazi gani, ni mbali kiasi gani, na yale yanayokutisha usimfiche. Kama ana lake la kukataa, alitamke mwenyewe, mlitafutie njia pamoja. Akikuruhusu, nenda kwa moyo mmoja, na kila ukipata likizo rudi nyumbani, hata kama kuna siku utapokelewa kama mgeni.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe mkono uliotulia kwenye kazi ile ndogo isiyoonekana kwa macho, ampe mama yako nguvu ya miguu, na siku utakayorudi uwakute wa kwako wote wazima, wanakungojea barazani.