Makofi ya Kilo kwa Kitsao

Gumato anauza maziwa Garsen, na kwa maziwa hakuna anayemdanganya. Dumu likifunguliwa mbele yake ananusa mara moja tu, kisha anakuambia kama yametiwa maji, kama ni ya jana, na kama aliyelifukiza dumu kwa moshi alifanya haraka akitaka kwenda kupiga soga. Wanawake wanaomletea kutoka maboma ya ng'ombe wanamwogopa kidogo na kumpenda sana, maana siku gari la Malindi linapochelewa yeye ndiye anayegombana na dereva kwa niaba ya wote. Ana miaka thelathini na minne. Mumewe anakaa na ng'ombe zaidi kuliko anavyokaa na watu, na mtoto wao ni mmoja, Sora, wa miaka minane.

Kufikia saa tano asubuhi maziwa yamekwisha, jua limeushika mji, na mwenye akili zake hatoki kivulini hadi saa tisa. Saa hizo nne ndizo zilizomponza. Binamu yake alimwekea mchezo kwenye simu ili apoteze muda kidogo, na muda ulipotea kweli. Mchezo wenyewe uliitwa Ngome. Watu sita huku, watu sita kule, kila upande una ukuta wake wa kulinda, na wote mnasikilizana sauti mkiwa vitani. Haukupita mwaka Gumato akawa nahodha wa kundi lililojiita Viboko wa Tana, na wenzake watano, wanaume watupu, wakawa wanamwita Kapteni. Shabaha hakuwa nayo. Alikuwa na sauti, na mwanamke aliyezoea kupanga madumu arobaini juu ya gari moja hashindwi kupanga wanaume watano.

Sasa tuje kwenye makasha, maana ndiyo yaliyoharibu kila kitu. Mkishinda mnapewa kasha. Ndani yake kuna kitu, na hujui ni kitu gani mpaka ulifungue. Linatikisika, linatoa mwanga, linapiga tarumbeta, roho inakupanda mpaka kooni, halafu linakutemea kofia ya majani. Viboko walikuwa na kofia za majani za kutosha kuezeka nyumba. Walichokuwa wakikitaka ni vazi la Mamba wa Dhahabu, ambalo ukilivaa risasi zinakugonga na kuanguka chini. Walilitafuta miezi mitatu kwa jasho lao, bila kununua chochote. Kila Ijumaa walikutana na kundi la watu wenye pesa zao, wote sita dhahabu tupu, wakachapwa bila huruma. Kitsao, aliyekuwa na shabaha kuliko wote, alimpiga mmoja wao risasi kumi na nne kifuani. Yule mtu alisimama akacheza ngoma kwanza, kisha akamuua Kitsao kwa risasi moja.

"Huu si mchezo, Kapteni. Huu ni wizi," Kitsao alisema, na sauti yake ilikuwa karibu na kilio.

Waliwaandikia wenye mchezo malalamiko marefu. Walijibiwa kwa picha ya moyo mwekundu, na wiki iliyofuata makasha ya bure yakapunguzwa.

Kisha ukaja mpango mpya. Mtu akinunua kasha kubwa kwa pesa yake, wenzake wote wanapata kasha dogo bure, na jina lake linapita mbele ya kundi zima kwa maandishi ya dhahabu. Mstari wa mwisho wa maelezo ulitokea kwenye simu ya nahodha peke yake: kila mmoja wa kundi lako anaponunua, wewe unapata kasha kubwa sawa na lake, bila kutoa hata ndururu. Gumato aliusoma mstari huo mara mbili. Hakumwambia mtu.

Wa kwanza kununua alikuwa Suleiman, fundi wa simu pale pale Garsen. Jina lake lilipopita, Gumato alifanya ambalo mtu yeyote wa huku angelifanya. Katika mchango wa matibabu, wa karo au wa mazishi, mtoaji hasomwi kimyakimya. Anatajwa yeye, anatajwa kwao, anatajwa mke wake, na watu wanapiga makofi. Basi Gumato akarekodi ujumbe wa sauti, akamtaja Suleiman na jamii yake yote, akamwombea baraka, akautuma kwa kundi. Alifanya kwa adabu tu. Hao waliotunga mchezo huko waliko hawakuwahi kuota jambo kama hilo.

Ndani ya siku mbili wengine watatu walikuwa wamenunua. Asiyenunua alinyamaza vitani, hata akiuawa halalamiki, kama mtu aliyekuja kwenye mchango mikono mitupu akakaa karibu na mlango. Gumato aliyaona hayo. Aliona pia makasha makubwa yakijipanga kwenye simu yake. Kuanzia hapo haikuwa adabu tena. Alianza kuuliza katikati ya vita, kwa utani, "Jamani, wiki hii nani nimtaje?" Hapo ndipo kosa lake linapoanzia, na hahitaji mtu wa kumwonyesha.

Kitsao alinunua mara tatu. Alikuwa mkulima wa matikiti kando ya mto, mbele kidogo ya Ngao, Mgiriama ambaye babu yake alihamia huko akitafuta ardhi yenye maji. Hawakuwahi kuonana. Gumato alimjua kwa sauti, na kwa mambo mawili matatu aliyoyasema wakisubiri vita vianze. Mara ya tatu Gumato alimtaja kwa sifa kubwa kuliko wote.

"Kitsao wa Ngao! Yeye na mkewe Lorna na jamii yao yote, wamesimama na sisi tena! Mkono wake si wa birika. Mungu awaongezee pale walipopunguza. Mpigieni makofi ya kilo!"

Siku hiyo hiyo kasha la Gumato lilifunguka, na Mamba wa Dhahabu akatoka. La Kitsao lilitoa kofia ya majani. Kitsao alicheka, akampongeza Kapteni wake kwa moyo mweupe, akasema ameleta bahati kwa kundi. Gumato akapokea pongezi. Alisema tu asante.

Baada ya hapo Kitsao akapotea. Wiki ya kwanza Viboko walicheza watu watano na kutukanana. Wiki ya pili Gumato alipeleka simu yake kwa Suleiman ibadilishwe kioo, akamuuliza kama ana habari.

"Kwani hujui, Kapteni?" Suleiman hakuinua hata macho. "Jamaa aliuza pampu yake ya maji. Alipita hapa akisaka mnunuzi. Zile kasha zake tatu si ndiyo hiyo pampu?"

"Aliuzia nani?"

"Watu wa Hola. Ilishaenda hiyo."

Gumato alikaa kwenye kibao cha Suleiman. Alimwona mtu asiyemjua sura, amesimama shambani mwezi huu wa jua kali, mto unapita chini yake na hana cha kuuvutia maji. Aliona aibu, aibu ya kweli inayochoma masikio. Simu iliporudi mikononi mwake alijaribu kumhamishia Kitsao lile vazi. Kioo kipya kikamwandikia kwamba kitu hicho hakihamishiki. Akajaribu kuliuza. Haliuziki.

Kesho yake alimwachia jirani madumu, akafungua akiba yake yote ya mwaka, akaifunga kwenye pindo la leso, akapanda bodaboda hadi Ngao na kuulizia shamba la Kitsao. Alikuwa ameshapanga la kusema. Angempa pesa, angemwambia siri ya yale makasha ya nahodha, na angeomba radhi. Njia nzima alilirudiarudia lisije likamtoroka.

Aliwakuta wawili, mume na mke, wakipanda kutoka mtoni na ndoo. Matikiti yaliyo karibu na ukingo yalikuwa kijani bado. Ya nyuma yalikuwa yamelala, majani yamejikunja, na matunda yenyewe hayazidi ngumi ya mtoto. Mwanamume alikuwa mwembamba, kijana kuliko sauti yake.

"Hodi hapa," Gumato alisema. "Mimi natafuta Kitsao."

Kitsao alisimama, maji yakamwagika kwenye miguu yake. Lakini aliyesema kwanza ni mke.

"Ngoja! Sauti hiyo naijua. Wewe si yule mama wa mchango?" Lorna alitua ndoo, akafuta mikono kwenye kanga, akaja mbio kumshika mkono. "Karibu dada, karibu sana. Mtoto alipona?"

Gumato hakuelewa. Alimtazama Kitsao, na Kitsao akatazama chini.

"Mimi nilikuwa na hasira, sikufichi," Lorna aliendelea, bado amemshika mkono. "Huyu mume wangu, Baba Kenga, aliponiambia pampu imeuzwa, nilifunga nguo zangu niende kwetu. Ndipo akanisikizisha sauti yako. Nikasikia jina langu likitajwa, mimi Lorna. Akaniambia ni mtoto wa yule mama, amelazwa, tumbo limefura, watu wanachanga. Nikafungua nguo. Nikasema ndoo si zipo? Tutabeba."

Sora wake hajawahi kulazwa hata siku moja. Gumato alisikia baridi pale juani, mtoto wake mzima ametiwa ugonjwa na mdomo wa mtu mwingine. Alitaka kumkasirikia Kitsao na hakuweza, kwa sababu uongo ule ulikuwa wa mume lakini sauti iliyoufanya uaminike ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyemtaja huyu mwanamke. Alifungua pindo la leso.

"Mimi nimekuja rudisha," alisema, maana Kiswahili chake kizuri kilikuwa cha maneno ya mchango tu. "Hii ni ya pampu. Nyinyi nunua ingine."

Lorna alirudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. "Aa, dada! Hela ya mgonjwa nitaila vipi? Nenda nayo ukamnunulie mtoto maziwa. Niambie tu amepona."

Kitsao aliinua macho. Gumato alizoea kumsikia akiomba msaada ukuta ukiwa unavunjwa, na macho yale yaliomba vivyo hivyo. Yale yote aliyoyapanga njiani yakaondoka.

"Amepona," alisema Gumato.

Neno lilitoka kwa urahisi wa kutisha. Lorna aliinua mikono yake miwili juu, akamshukuru Mungu kwa sauti, akasema basi haikwenda bure. Kisha akakimbia nyuma ya nyumba, kuku wakapiga kelele, akarudi na jogoo aliyefungwa miguu. Mtoto aliyetoka kwa ugonjwa anataka supu, alisema. Gumato alikataa mara tatu, na mara ya nne jogoo alikuwa tayari mapajani mwake juu ya bodaboda.

Hawakuwa wamefika barabara kubwa simu ilipolia. Ulikuwa ujumbe wa Kitsao. "Asante kwa kunisitiri Kapteni. Nikivuna hata hayo machache nitarudi. Safari hii nitanunua kubwa, wewe nitaje tu."

Gumato aliusoma, jogoo akihema mkononi mwake. Alimwona Lorna akipanda ule ukingo na ndoo mwezi huu, na mwezi ujao, na matikiti machache yakigeuka tena kofia ya majani, na yeye Gumato, nahodha, akipata kasha lake. Alidhani amemsitiri mtu. Kumbe amemwachia mlango wazi.

"Geuza," alimwambia mwenye bodaboda.

"Umesahau kitu, mama?"

"Nimesema uongo. Geuza."

Lorna alikuwa peke yake ukingoni waliporudi. Kitsao aliwaona akiwa chini mtoni, akaanza kupanda haraka. Gumato hakumngoja. Alimweka jogoo chini, akaweka pesa juu ya ndoo iliyofunikwa, na akasema yote kwa Kiswahili chake cha kukatakata, bila kujipendelea. Mtoto wake hakuugua. Hakukuwa na mchango. Ulikuwa mchezo wa simu. Alikuwa akiwataja watu ili wanunue, kwa sababu wakinunua yeye anapata, na wao hawajui. Kitsao alipata takataka na yeye akapata kitu cha thamani.

"Kitu gani?" Lorna aliuliza.

Gumato alifungua simu, akamwonyesha. Mamba wa Dhahabu alikuwa akijizungusha polepole kwenye kioo kipya, anameta, anatingisha mkia. Kitsao alikuwa amefika juu, amesimama hatua mbili nyuma yao, suruali inachuruzika maji. Lorna alimtazama yule mamba mpaka akamaliza mzunguko mzima. Kisha akamtazama mumewe, akayatazama matikiti ya nyuma, akarudi kwa Gumato. Hakupaza sauti.

"Na hii," aliuliza, "inavuta maji?"