Swichi Niliyomficha Fundi Shamte

Sifa zote ni za Mola aliyenipa umri wa kukumbuka niliyoyatenda, na subira ya kutoyakimbia.

Juzi chaja ya simu ya mjukuu wangu iliungua ukutani. Harufu ya ule waya, kali kama plastiki na nywele zilizoungua, ikanirudisha Bungu, kando ya barabara, mbele ya nyumba ya bibi yangu. Nilikuwa na miaka tisa.

Hapo palikuwa na kombi kuukuu, ile ya kulala safarini, yenye kitanda, mapazia ya maua na jiko dogo. Mwenyewe alikuwa bwana mnene wa Dar es Salaam, aliyekuwa safarini kwenda kusini. Swichi ya kuwashia ilikuwa imekufa: ufunguo unazungushwa, gari kimya. Tuliisukuma siku mbili mpaka tukachoka kucheka. Swichi mpya ikaletwa na basi, imefungwa kwenye gazeti, na kazi ya kuifunga akapewa Fundi Shamte.

Shamte alikuwa mtu wa visiwani, kule delta, na ukoo wake na wetu ni watani tangu mababu. Sisi tulimwita mla kaa. Yeye aliniita mke wangu na kuniuliza nimempikia nini. Mtani hanuniwi. Kwenye mazishi ya babu niliwaona watani wakilala ndani ya kaburi, wakikataa kutoka mpaka wapewe jogoo, na wafiwa wakicheka huku machozi yakiwatoka. Nikaona huo ndio ukubwa.

Asubuhi ile Shamte alikuwa ameshaitoa swichi mbovu, nyaya zinaning'inia chini ya usukani, alipofika mtu wa baiskeli kutoka Nyamisati. Mama yake Shamte amefariki. Atazikwa alasiri. Mashua ya kwenda kisiwani kwao ingeondoka adhuhuri, maji yakijaa, wala isingesubiri, kwa sababu maji yakitoka mkondo unabaki tope.

"Funga swichi, fundi," mwenye kombi akamwambia, "nami nitakupeleka mwenyewe."

Shamte akaenda kunawa uso. Mimi nikaichukua swichi mpya kwenye gazeti lake, nikaifunga kwenye pindo la kanga, nikakimbilia shamba la mihogo.

Nilimsikia akiitafuta. Kisha akajaribu kuunganisha nyaya kwa mkono, zikatoa cheche na moshi, ndiyo harufu ile, na mwenye gari akapiga kelele, "Acha! Utaniunguzia gari!" Hapo bibi yangu, aliyeniona nikikimbia, akacheka barazani.

"Mtani wako anayo, mla kaa wee! Nenda kambwekee!"

Shamte akaja ukingoni mwa shamba. "Mke wangu, nipe. Mama yangu yuko kitandani, ananingoja mimi tu."

"Bweka kwanza."

Akabweka. Mtu mzima, mikono imejaa grisi, anabweka kama mbwa, na kwetu mbwa hata uani hapiti. Wanawake barazani wakaangua kicheko.

"Sijasikia!" nikapaza sauti, nikahamia matuta ya mbali.

Akabweka tena, akinifuata tuta kwa tuta, nami nahama, nimejaa furaha ambayo sijapata kuionja tena maishani. Bibi anapiga makofi. "Bado! Huyo ni mbwa mgonjwa!" Nilimpa swichi pale sauti yake ilipokauka, na jua lilikuwa utosini.

Aliifunga upesi. Gari likawaka kwa mzunguko wa kwanza wa ufunguo. Lakini walipofika Nyamisati mashua ilikuwa imeshaondoka, na mama yake akazikwa bila yeye.

Siku ya nne alirudi. Mtani aliyeshindwa hutoa kitu, naye aliniletea kapu la kamba wakavu. "Umenishinda, mke wangu," akasema, akacheka. Niliwala wale kamba, Mungu anisamehe, na walikuwa watamu.

Nilikuwa na watoto watatu nilipomwosha mama yangu mwenyewe. Nilimtazama uso kabla hatujaufunika, ndipo nikajua nilichomnyang'anya Shamte. Nikakielewa na kicheko chake. Angenuna, yeye ndiye angeonekana hana adabu. Hakuachiwa pa kuiweka hasira yake.

Nilimfuata kisiwani. Alikuwa amezeeka, macho yamefifia. Nikakaa mkekani, nikamwomba radhi.

"Radhi ya nini?" Akacheka kicheko kilekile. "Si ulikuwa utani, mke wangu? Kunywa chai."

Nilirudia mara tatu, na mara tatu akacheka. Neno "nimekusamehe" hakulitamka. Sasa naye yuko kaburini, na sijui mpaka leo kama alisahau au alikusudia.

Wewe unayesoma, Mola akufikishe kwa mama yako mkono wake ungali na joto, na akupe watu watakaokukasirikia unapostahili, wakukemee, kisha yaishe. Amin.