Mama Nabintu amekataa kuletewa chakula nyumbani

Jamani, leo nimepata haya Mbarara mbele ya watu, na nimerudi kambini Kashojwa nikicheka.

Munajua mimi ndiye sekretere wa chama cha wazee. Ndiyo, nina miaka thelathini na minne. Musiniulize.

Ofisi inayotugawia chakula kambini ilituita kwenye mkutano mjini. Nikaenda na Mama Nabintu, bibi tunayesali naye, ili waone kweli chama kiko na mzee hata mmoja.

Nikasimama, nikasoma: "Wazee wetu wanachoka kupanga mstari siku ya chakula. Tunaomba waletewe nyumbani."

Makofi mingi!

Halafu nikasikia fimbo inagonga sakafu ya sima. Ko! Ko! Ko!

"Sekretere, nani alikutuma?"

Ni Mama Nabintu, amesimama.

"Ku mstari ndiyo fasi ninasikia nani amezaa, nani amekufa, nani amepewa safari ya Amerika. Mukiniletea chakula ku nyumba, nitaongea na nani? Na mbuzi?"

Nikajua chama kimekufa leo.

Kumbe mama wa ofisi anatabasamu. Akamuuliza kwa Kiswahili chake cha kujaribu: "Sasa jaja, bibi yangu, wewe nataka nini?"

"Benchi. Na kivuli."

Wakaandika palepale!

Chekeni tu, lakini mwenye ameshamuuliza mzee wake anataka nini anyooshe mkono hapa chini.

Ndani ya taksi nikamuomba msamaha. Akanikatia nusu ya chapati yake.

"Mwanangu, siku ingine ukuje kwangu na karatasi yenye haijaandikwa kitu."