Siku Mkaa Wetu Usio na Moshi Ulipowatoa Wageni Machozi

Naona haya hata kuianza hii habari, lakini kwa kuwa pale sokoni Kasulu kila mtu ameshaisimulia kwa namna yake (wapo wanaosema nilikimbia, jambo ambalo si kweli, niliondoka kwa mwendo wa kawaida kisha nikarudi), bora niwasimulie mwenyewe, mnicheke kwa yale niliyofanya kweli.

Mimi ni Elia, shule niliishia kidato cha pili, ila kwenye kuota ndoto sijaishia popote. Halmashauri ya mji ilituita ukumbini, mama lishe, bodaboda, wachoma tofali, watu wa makanisa, na kikundi chetu cha vijana sita tunaotengeneza mkaa kwa takataka, na afisa mazingira akatueleza kwamba wanataka mji wetu ufike mahali ambapo moshi na hewa chafu unayoitoa haizidi ile ambayo miti na udongo wetu vinaweza kuimeza, hesabu iishie sifuri, na kwamba ofisi yake peke yake haiwezi, kila mmoja ashike upande wake. Wachoma tofali wapunguze kuni, sisi tukusanye magunzi na maganda ya sokoni, mama lishe wapikie mkaa wetu waachane na ule wa miti ya milimani. Nilitoka pale naiona Kasulu nzima ya kijani, na mtaa mmoja (msicheke) umepewa jina langu.

Mkaa wenyewe hauna uchawi. Unachoma magunzi na maganda ndani ya pipa lililofunikwa, unatwanga, unachanganya na uji wa unga wa muhogo ili ushikane, unakandamiza kwenye vikopo, unaanika. Kuchanganya ilikuwa kazi yangu. Kuanika ilikuwa kazi ya Ndayi, dada mmoja mpole ambaye wazazi wake walikuja kutoka Burundi zamani wakapata uraia, wanalima upande wa pili wa mji, na huyo dada analijua jua kama anavyolijua shamba la mama yake, wingu likianza tu kujikusanya yeye ameshafika kwenye chanja na turubai. Tangu tuanze hajanyeshewa hata kipande kimoja.

Sasa wakaja wageni kutoka Kibondo, watu wa halmashauri ya kule, waone tunavyoshirikiana ili nao waanze na mama lishe wao. Afisa mazingira akatuahidi kwamba ziara ikienda vizuri, lile banda tupu nyuma ya soko litakuwa letu la kuanikia, maana masika yalikuwa yanamtesa Ndayi mno. Na Mama Zawadi, mama lishe ambaye tulimbembeleza miezi miwili ndiyo akakubali, angewapikia wageni chakula cha mchana kwa mkaa wetu peke yake, hakuna kuchanganya.

Hapo ndipo nilipofanya kile kitu kidogo. Kipimo chetu ni bakuli moja la unga wa muhogo kwa ndoo moja ya vumbi la mkaa. Nikasimama na bakuli langu nikawaza, hawa ni wageni. Kwetu Munanila mgeni hasongewi ugali mwepesi, mama yangu akimwona mgeni anakuja njiani, hata kama sufuria iko jikoni, anarudi kwenye unga. Basi na mimi nikarudi kwenye unga. Nikaweka bakuli la pili. La tatu likaingia lenyewe, sijui hata mkono ulikwendaje.

Na mkaa ukatoka mzuri kweli, mgumu, unang'aa kama viatu vya Jumapili. Ndayi alivyoupokea akaupimapima mkononi.

"Kaka Elia, mbona vipande vizito hivi?"

"Ni vya wageni hivyo."

"Tukijaribu kimoja?"

"Acha, tutaharibu mpango, ona vilivyojipanga."

Akacheka, akaenda kuanika.

Siku yenyewe mvua ya manyunyu ikaanza, watu wote tukabanana ndani ya kibanda cha Mama Zawadi. Kiongozi wa wageni alikuwa mama mmoja aliyevaa blauzi nyeupe, nikamsalimia "Mwakeye" ya Kiha kwa adabu zote, nikamvutia kiti mwenyewe, karibu kabisa na jiko, ili ashuhudie vizuri. Nikahutubia, nikasema mkaa huu hata ukae nao chumbani huoni moshi. Nilikuwa sijamaliza sentensi, moshi ukatoka. Kwanza kidogo, kwa aibu, halafu ukazoea.

Na harufu, ndugu zangu. Harufu ya ugali ulioungua chini ya sufuria. Yule mama wa Kibondo akatoa kitambaa, machozi yakimtiririka.

"Kijana, huu ni mkaa au ni chakula?"

"Elia mwanangu," Mama Zawadi akasema akikohoa, "maharage hayajachemka na mimi nimeshaiva."

Watu wakacheka, na kama ningecheka nao nikasema ukweli, habari ingeishia hapo. Lakini afisa mazingira akaniuliza tatizo ni nini, na mdomo wangu ukajibu kabla yangu: "Utakuwa haujakauka vizuri, mheshimiwa. Masika haya."

"Anayekausha ni nani?"

Macho yote kwa Ndayi. Akasema polepole, "Niliuanika siku nne, na jua lilikuwepo." Hakuna aliyemsikiliza. Afisa akaandika kwenye daftari, akasema basi banda lisubiri, na kazi ya kuanika itafutiwe mtu mwingine anayeiweza. Bodaboda mmoja aliyejikinga mvua mlangoni akadakia, "Wa kuja huyo, mkaa ataujulia wapi?"

Ndayi alivua aproni ya kikundi, ile ya kijani tuliyoshona wote sita, akaikunja vizuri mara nne, akaiweka juu ya gunia.

Ndiyo hapo nilipotoka nje (kwa mwendo wa kawaida, narudia). Nilisimama kwenye manyunyu, mtaa wenye jina langu ukaniondoka kichwani wote, nikabaki naiona ile aproni. Nikarudi.

"Mheshimiwa, mkaa ulikauka. Ni mimi niliyezidisha unga. Bakuli tatu badala ya moja, ndio unaotoa moshi."

Afisa akanitazama kama vile sijaeleweka, basi nikachukua kipande kwenye gunia, nikakivunja, ndani kikavu kabisa, na kwa kutaka waamini huo unga nikang'ata nikatafuna mbele yao. Wakapiga picha. Meno meusi, mate meusi, mpaka leo hiyo picha inazunguka kwenye simu za Kasulu na Kibondo.

"Unga wote huo wa nini?" yule mama wa Kibondo akauliza.

"Ni kwa sababu nyie ni wageni, mama."

Yule mama akajifuta machozi, akasema, "Mama yangu naye angefanya hivyohivyo," na kibanda kizima kikaangua kicheko, na mimi nikamgeukia Ndayi nikamwomba msamaha hapohapo, na meno yangu yale. Akavaa aproni yake, akamwambia yule bodaboda, "Washa pikipiki, kaka, wa kuja anafuata mkaa." Naye akawasha, kichwa chini. Wakarudi wamelowa, lakini gunia la mkaa wetu wa kawaida lilikuwa kavu ndani ya turubai, na maharage yakaiva bila moshi, ila wageni walikula saa kumi.

Banda tulipewa baadaye, baada ya afisa kuja kutukagua mara tatu bila taarifa, na ufunguo anao Ndayi. Bakuli la kupimia analo yeye pia. Tukisikia kuna wageni wanakuja, huwa ananiuliza mbele ya kila mtu, "Wangapi leo, kaka Elia?" kisha anauficha unga. Na mimi nimeapa, mgeni nitamsongea ugali mzito nyumbani kwangu mpaka ashindwe kunyanyuka, lakini mkaa atapikiwa ule ule ninaopikia mimi.