Nilimfuga mbwa wa barafu Mkwajuni, jua likanifundisha adabu

Wakuu, kwa umri wangu wengi wenu mlipaswa kuniamkia, kwa hiyo marahaba.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Shahidi ni mke wangu, na yeye angesema nimejipunguzia makosa.

Naishi Mkwajuni. Kwa msiopajua, mwezi wa kumi huku hata mjusi anatafuta kivuli.

Mimi, mtu mzima niliyesoma hadi form four na jiografia nikafaulu, nikaamua kufuga Siberian husky, mbwa wa nchi za barafu.

Sababu? Vijana wa machimbo walikuwa wanapita mtaani na mbwa wa maana, kila mmoja na breed yake. Mimi nilikuwa na koko mmoja mwenye sikio bovu. Nikaona hadhi ya mzee inashuka.

Nikampata Tunduma kwa mfanyabiashara aliyemtoa upande wa Zambia. Macho ya bluu, manyoya kama zulia la sebuleni. Nikamwita Tajiri.

Mke wangu alimtazama, akanitazama mimi, akauliza, "Baba Tumaini, huyu koti lake analivua wapi?"

Nikamwambia hajui mambo ya mbwa. Kumbukeni hilo swali.

Kama guard dog, Tajiri alikuwa mkarimu sana. Mgeni asiyejulikana alipokelewa kwa kulambwa mikono. Waliopaswa kumwogopa walikuwa kuku wa mke wangu tu, na hao hawakupata muda wa kuogopa.

Ila kilichonikera zaidi ni kuvuta. Ukimfunga kamba mkatembee, anatembea yeye, wewe unaburuzwa.

Siku moja alinipitisha kijiwe cha bodaboda mbio, kofia nimeiacha nyuma. Kijana mmoja akasema taratibu, "Mzee, funga mkanda."

Nilipofika nyumbani nikamchapa kwa fimbo yangu ya kutembelea. Na kila alipovuta tena, nikamchapa tena. Nilisema namfundisha adabu.

Basi likaja joto lenyewe.

Tajiri akaacha kula. Alilala sakafuni ulimi nje, anahema kama kiwanda. Nikamnunulia feni. Ndiyo wakuu, mbwa alikuwa na feni yake na mimi nikijipepea kwa kalenda. Umeme ukikatika, tunatazamana.

Hapo ndipo nikapata wazo la kisomi. Nikampeleka kwa kinyozi.

Kinyozi akawasha mashine, akauliza kwa heshima zote, "Mzee, tumwachie ndevu?" Watu walijaa dirishani. Tajiri akatoka pale kama mbuzi aliyetoka kuugua.

Siku chache baadaye ngozi ya mgongo ilianza kubabuka kwa jua. Kisha akaanguka uani, hanyanyuki.

Bwana mifugo alipofika hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alieleza kwamba yale manyoya yalikuwa yanamkinga na jua pia. Akasema huyu mbwa akibaki hapa, hafiki mvua za kwanza.

Mke wangu, ambaye kuku wake waliliwa, ndiye aliyelowesha khanga na kumfunika chini ya mwarobaini. Akamnywesha maji kwa kiganja. Akaniambia, "Mpeleke kwa kaka, Ileje. Kule kuna baridi."

Nikakataa. Wakuu, ukweli ni kwamba niliona aibu. Vijana wa machimbo wangesema mzee kashindwa. Nikasema tusubiri, atazoea.

Akaanguka mara ya pili. Safari hii mke wangu hakuniomba. Alikaa uani, kichwa cha mbwa mapajani mwake, akasema, "Akifa, utamzika mwenyewe, na mchana, watu wakuone."

Nikakodi pickup alfajiri iliyofuata.

Tulipoanza kupanda milima ya Ileje ukungu ukashuka barabarani. Mimi natetemeka, natafuta sweta. Nyuma, Tajiri aliyepakiwa kama gunia akasimama, pua juu.

Shemeji yangu, huyo kaka wa mke wangu, ni mkulima wa Mbebe, huko huko Ileje. Alimzunguka mara mbili, akauliza, "Shemeji, huyu mbwa mmemchuna kabla hajafa?"

Tumerudi kuwasalimia baada ya mavuno. Manyoya yameota, ingawa mgongoni yana viraka kama shuka la bweni.

Na tukamkuta kazini. Shemeji hubeba kuni kwa panda la mti linaloburuzwa chini. Siku moja watoto walimfunga Tajiri kwenye panda hilo kwa utani, akaondoka na mzigo wote hadi mlangoni, mkia juu. Tangu hapo asubuhi anakwenda mwenyewe kusimama kwenye lile panda.

"Hafundishwi huyu," shemeji alisema. "Amezaliwa anavuta."

Nilisimama pale nikikumbuka nilichokuwa namchapia.

Nikamwita. Akaja mbio, amefurahi kweli, hadi hatua chache kutoka nilipo. Akaiona fimbo mkononi mwangu. Siku hizi naishika kwa sababu ya goti tu, lakini yeye angejuaje?

Akazunguka, akaenda kusimama nyuma ya mke wangu.

Funzo: kabla hujamleta mnyama kwako, uliza kwao kukoje na kazi yake ni ipi. Na mkeo akiuliza swali, jibu.

Wenye mbwa wa barafu huko Chitete na kwingine kwenye joto, semeni mnaishije nao. Wa kunitukana pia karibuni, ila amkieni kwanza.