Chipu ya Feni

Mjomba Elikplim hasemi bodi ya umeme imeungua. Husema imekataa. Kibanda chake kiko nyuma ya stendi ya malori hapa Akatsi, na mtu akimletea bodi yoyote, huinusa kwanza kabla ya kuigusa.

Nilipenda kwenda pale baada ya shule kumsumbua kwa maswali. Siku moja nilimuuliza mota inajuaje kwamba imekwama.

"Mota haijui kitu," alisema. "Ikikwama inakunywa umeme kama mlevi wa msibani. Chipu ndiyo inayopima. Umeme ukizidi, au nyaya zikigusana zikapiga shoti, inakata."

"Halafu?"

"Halafu inanyamaza mpaka uzime swichi, uwashe upya."

Alikuwa anazungumzia mashine ya kukuna mihogo kwenye banda la akina mama, anakofanya kazi mama yangu, Enyonam. Mama ni dada yake mkubwa, na ndiye aliyemlea. Wazazi wao walipokufa, alimbeba mgongoni huku akikaanga gari, ule unga wa mihogo wa chengachenga, na mpaka leo Mjomba ana alama ya cheche shingoni.

Pale bandani kulikuwa na desturi. Mzizi mgumu ukiibana mashine, ikanyamaza, mwanamke anaingiza mkono kinywani mwa mashine, anauchomoa mzizi, kisha ndipo anakwenda swichini. Swichi iko ukuta wa mbali, karibu na betri za sola, na hakuna aliyetaka kwenda huko mara mbili. "Ikinyamaza imelala," walikuwa wakisema, na kila binti mpya alifundishwa hivyo.

Msimu wa vumbi, maji ya mihogo yaliingia kwenye nyaya. Shoti ikapiga, chipu ikakata, wakawasha, ikapiga tena, mwisho chipu ikafa. Na ukoo mmoja uliofiwa ulikuwa unasubiri gari ya kula mazishini.

"Efo Elikplim, unachomelea au unasali?" akina mama walimpigia kelele pale kibandani. "Maiti atafufuka aje kula mihogo mbichi!"

Chipu ya aina ile haikupatikana. Mjomba alitoa nyingine kwenye bodi ya feni ya gari lililogongwa. Miguu ileile, umbo lilelile. Aliifunga, akaibana mota kwa kipande cha mti. Ikakata. Akagusanisha nyaya. Ikakata. Akatabasamu, na papo hapo akazima swichi, kama alivyozoea, asimalize betri. Angesubiri muda wa mtu kufunga kamba za viatu, angeona.

Kesho yake alikuja Daavi Dzigbodi, mmoja wa wale akina mama, kuchaji simu.

"Efo, safari hii umetupa mashine yenye adabu! Ikikwama inapumzika, halafu inaamka yenyewe. Habari ya kwenda swichini imekwisha."

Mjomba aliinua kichwa. "Inaamka?"

"Inaamka! Asubuhi imeamka, yule binti mpya, Sena, karuka kama mbuzi. Tumecheka mpaka..."

Hakusikia mwisho wa kicheko. Alikwishatoka mbio. Mimi nilichomoa pasi yake ya kuchomelea, nikamfuata.

Mashine ilikuwa inanguruma tulipopita kanisani. Tulipofika kwenye uzio wa banda ilikuwa imenyamaza. Mama alikuwa ameinama juu yake, mkono ndani hadi kwenye kifundo.

"Dada! Toa mkono!"

Mama aligeuka kutazama nani anaita. Aligeuza uso tu. Mzizi ulikuwa umeshalegea, hapakuwa na cha kuizuia mashine tena, nayo ikaamka.

Hospitali walikata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Mjomba alikuwa akija na akple, ugali wa kwetu, anakaa miguuni pa kitanda. Mama ndiye aliyeanza.

"Kelele zile zilikuwa za nini? Nilidhani umeona nyoka."

"Ile chipu ilikuwa ya feni, Dada. Feni ikikamatwa na jani, watu wanataka ijaribu tena yenyewe. Hakuna anayetia mkono kwenye feni ya gari."

"Na kwenye mashine yangu?"



Chipu ya aina ya zamani ilipatikana Lomé. Mjomba aliifunga mwenyewe siku mama aliporudi bandani, kazi yake sasa ikiwa kupepeta kwa mkono wa kushoto. Akaibana mashine kwa mzizi, ikanguruma, ikakata. Kimya.

"Sasa imelala kweli?" Daavi Dzigbodi aliuliza. Alikuwa amekunja mikono kwapani, kama wenzake wote.

"Imelala."

"Ndivyo tulivyokuwa tukisema."

Hakuna aliyesogea. Basi Mjomba akakunja shati, akaingiza mkono wake kinywani mwa mashine, akauchomoa mzizi, akautupa chini. Kisha akaurudisha mkono ndani, mtupu, akauacha humo juu ya meno. Swichi ilikuwa bado imewashwa. Tulisubiri, na mashine ikakaa kimya, na yeye hakuutoa.

"Toa mkono, Elikplim," mama alisema. "Hunirudishii kitu."

Hakuutoa. Mama aliweka ungo chini, akatembea taratibu mpaka ukuta wa mbali, akazima swichi kwa mkono wa kushoto.