Mkono nje ya dirisha

Dereva wetu huwapandisha wageni milima ya Hajari asubuhi, akawashusha pwani alasiri, na hakuna wadi, yaani bonde kavu la mto, anayoivuka bila kuzima redio, kutoa mkono dirishani na kunusa upepo kama mbuzi. Hata kukiwa na kokoto tupu. Siku ile mgeni mmoja alimcheka: "Mbingu nyeupe, bahari ile pale! Unaogopa mawe, mzee?" Dereva akasimamisha gari wadini, mkono bado nje. Vidole vyake vilikunjika taratibu.

"Raiya," akaniambia mimi, msaidizi wake, kwa sauti ndogo, "wapandishe mwambani. Mikoba waiache."

"Kuna nini, baba?"

"Nasikia harufu ya udongo uliolowa huko juu. Pandeni, mwanangu!"

Tulikuwa bado tunatambaa mwambani bonde liliponguruma, maji ya kahawia yakaja na mitende mizima, yakalibeba gari kama kibiriti.

Nilikuwa nimenyakua chupa ya kahawa na kikombe chake tu. Nikampa dereva kikombe. Kwetu aliyetosheka hukitikisa, asiongezwe. Chake kilikuwa kikitikisika kabla sijamimina hata tone. Nikakishika pamoja naye, nikamimina hivyo hivyo, kahawa ikatuunguza vidole sote wawili, na hakuna aliyeondoa mkono.